Kufinyanga si Kuchonga: Historia ya Maneno ya Sanamu za Udongo katika Kanda ya Ziwa

Mfasiri aliyepewa kazi ya kuandika kadi za makumbusho kwa Kiswahili hukutana na tatizo ambalo kwa sura ni dogo. Mbele yake pana mnyama wa porini, tuseme fisi au kiboko, aliyetengenezwa kwa udongo. Maelezo ya Kiingereza yanatumia neno moja linalokusanya kila kitu kilichofanywa kwa udongo na kupitishwa motoni, tangu gae la mtungi mpaka kikombe cha chai. Mfasiri hufungua kamusi, kisha huandika: "sanamu ya kauri iliyochongwa". Katika maneno hayo, sanamu laweza kutetewa. Kauri haimo kabisa katika kitu kile. Na kuchonga ni kinyume cha kazi iliyofanyika.

Kosa la namna hii halifai kupuuzwa, kwa kuwa kwa watoto wengi wa shule kadi ya makumbusho ndiyo kitabu pekee cha historia ya sanaa watakachokisoma. Katika makala hii tunakusudia kuyafuata maneno hayo katika historia yake, tukianzia Mwanza na ufuko wa Ziwa Viktoria. Tumeichagua sehemu hiyo kwa sababu kitenzi anachokitumia mfinyanzi wa ziwani ni kile kile ambacho watu wa pwani wamemwachia Mwenyezi Mungu.

Kisukuma, sawa na Kihaya, Kiganda na Kinyarwanda, husema kubumba kwa kazi ya kuupa udongo umbo. Waganda humwita mfinyanzi omubumbi, na Wanyarwanda humwita umubumbyi. Mwalimu wa sarufi hatashangaa akiambiwa kwamba kubumba huko ndiko kuumba kwetu. Sauti b iliyobaki katika lugha za ziwani imedondoka katika Kiswahili, kama ilivyodondoka katika kubona kukawa kuona. Malcolm Guthrie, aliyechapisha kazi yake kubwa juu ya ulinganishi wa lugha za Kibantu kati ya mwaka 1967 na 1971, analitaja shina hilo kwa maana ya kufinyanga vyombo vya udongo. Wakikuyu, ambao katika lugha yao b hiyo imedondoka vilevile, humwita mama wa taifa lao Mumbi, yaani mwenye kuumba, mfinyanzi.

Katika Kiswahili kitenzi hicho kilipanda cheo. Kutokana nacho tumepata Muumba, kiumbe, maumbile na umbo, maneno ambayo leo yanasikika msikitini, kanisani na katika vitabu vya elimu ya viumbe kuliko penye udongo. Mfinyanzi wa pwani aliachiwa kufinyanga, kitenzi ambacho sikio la Mswahili hukisikia kuwa jirani na kufinya, yaani kubana kwa vidole. Hatuoni hasara katika mgawanyo huo. Tunachosisitiza ni kwamba vitenzi vyote viwili, kile kilichopanda na kile kilichobaki chini, vinaeleza mkono unaoongeza, unaobonyeza na unaounga. Hakuna kati yake kinachoeleza chuma kinachopunguza.

Ufinyanzi wenyewe una umri mkubwa katika ufuko huu. Mwaka 1948 Mary Leakey, W. E. Owen na Louis Leakey walitoa maelezo ya vyungu vya kale kutoka Nyanza, Kenya, vyenye kibonyeo kitakoni, ambavyo baadaye vilipewa jina la Urewe, mahali vilipoonekana. Mwaka 1969 Robert Soper na Berle Golden walichapisha katika jarida la Azania matokeo ya uchunguzi wao wa mambo ya kale katika Mkoa wa Mwanza, na vigae vya ukoo huo vilikuwamo, pamoja na vya aina ya kale zaidi iitwayo Kansyore kwa jina la kisiwa cha mto Kagera. Katika miaka ya 1970 Peter Schmidt alichimba Katuruka, Buhaya, akaonyesha kwamba watumiaji wa vyungu vya Urewe walikuwa pia wayeyusha chuma, na kwamba mambo hayo yana zaidi ya miaka 2000.

Hivyo ni vyungu na mabakuli. Kuhusu sanamu, ushahidi maarufu zaidi wa ukanda huu ulitokea ng'ambo ya kaskazini ya ziwa. Mwaka 1929, katika uchimbaji kwenye eneo la gereza la Luzira, karibu na Kampala, vilipatikana vipande vya udongo uliochomwa, na miongoni mwavyo kichwa cha mtu ambacho sasa kimo katika Makumbusho ya Uingereza, London. Ni kichwa cha mtu, wala si cha mnyama. Hata hivyo kinatosha kumnyamazisha anayedai kwamba wafinyanzi wa ziwani walijua vyungu tu.

Basi kwa nini wanyama wa udongo wa zamani ni adimu kuliko vyungu? Jibu moja limo katika udongo wenyewe, na ni jibu linaloyahusu maneno yetu moja kwa moja. Udongo ukianikwa ukakauka bado ni udongo: ukiutia majini hulainika, na siku ya pili ni tope. Ukipata moto wa kadiri ya nyuzi 500 hadi 600 za Selsiasi hupoteza maji yaliyoungana na asili yake, nao hauwezi tena kurudi kuwa tope. Hapo umekuwa kigae. Kigae hudumu ardhini miaka elfu na elfu. Kitu kibichi hakimalizi masika moja. Mtoto mchungaji wa Usukuma anayefinyanga ng'ombe wake kando ya lambo huwaacha juani, na mvua ya kwanza huwarudisha walikotoka. Vyungu vilichomwa kwa kuwa vilitakiwa kukaa jikoni. Wanyama wengi hawakuchomwa kwa sababu hawakutakiwa kukaa.

Hapa historia ya Mwanza inatupatia mtu ambaye hatuwezi kumruka. Hans Cory, ambaye maandishi yake ya awali yalitoka kwa jina lake la Kiaustria la Koritschoner, alikuwa mtaalamu wa elimu-jamii wa Serikali ya Tanganyika, na Mwanza ilikuwa kituo chake. Wanasheria wanamkumbuka kwa kitabu chake cha mwaka 1953 juu ya sheria na mila za Wasukuma. Mwaka huo huo alitoa kitabu kingine, kisichosomwa sana, juu ya picha zilizochorwa ukutani na waganga wa nyoka, watu wa chama ambacho tayari alikuwa amekiandikia makala mwaka 1946 akikitaja kwa jina la Buyeye. Ndani ya nyumba za chama, juu ya kuta za udongo, walichorwa nyoka pamoja na watu na viumbe wengine wa masimulizi ya chama hicho, ili wanaoingizwa wafundishwe kwazo. Usukuma ni nchi ambayo mnyama wa porini amepewa vyama: wacheza nyoka wana chao, na wawindaji wa nungunungu wana ngoma yao ya Banungule. Atakayekwenda Makumbusho ya Bujora, Kisesa, yaliyoanzishwa na Padre David Clement, ataona jinsi jambo hilo lilivyo zito. Na huko hata jengo moja limepewa umbo la kiti cha ntemi. Umbo, narudia kusema kwa niaba ya wenzangu, ni neno la mfinyanzi.

Mwaka 1956 Cory alichapisha London kitabu juu ya sanamu ndogo zilizotumika katika mafunzo ya jando na unyago Tanganyika. Nyingi ni za udongo, na alizipata hasa kwa watu wa kaskazini-mashariki, kama Wanguu, Wazigua na Washambaa; juu ya zile za Wanguu alikuwa ameandika tangu mwaka 1944. Wamo watu, vimo vyombo vya nyumbani, na wamo wanyama, wa kufugwa na wa porini. Mkusanyiko wake umehifadhiwa katika Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam. Jambo alilolitambua Cory, na ambalo kadi nyingi hulisahau, ni kwamba kila sanamu ilikwenda na wimbo wake. Mnyama wa udongo hakuletwa ili mwari amjue mnyama. Mwari alikuwa akimjua fisi tangu utotoni kwa mlio wake. Aliletwa kama fumbo, na wimbo ndio uliolibeba fumbo hilo, na mwenye kuufumbua alikuwa kungwi. Kadi inayoandika "Fisi. Udongo." imeeleza umbo na ikaacha sanamu.

Kwa bahati mchapishaji yule yule, mwaka ule ule wa 1956, alitoa kitabu cha Audrey Richards juu ya unyago wa wasichana wa Kibemba, alioushuhudia mwaka 1931 katika nchi ambayo sasa ni Zambia. Humo wanawake wakubwa walifinyanga mbusa, vielelezo vya mafunzo, baadhi yake nyoka na wanyama wengine. Vingine vilichukua saa nyingi za kazi, navyo viliharibiwa mara shughuli ilipokwisha. Kibemba nacho kinasema kubumba. Kuanzia Mwanza hadi kusini ya Ziwa Tanganyika kitenzi ni kimoja.

Sasa tuliangalie neno ambalo wengi wangelipendekeza kwa vitu hivi, nalo ni kinyago. Kila msomaji anaona undugu wake na unyago. Lakini ni wachache wanaojua kinyago kilikuwaje. Wayao husema chinyago, kwa wingi inyago, na maelezo ya Stannus na Davey ya mwaka 1913 juu ya jando la Wayao wa Nyasa yanaonyesha inyago kuwa maumbo ya wanyama yaliyofanywa ardhini kwa kufinyanga udongo na kunyunyizia unga na majivu. Kubwa lao liliitwa namungumi, na Mswahili hahitaji mkalimani ili amsikie nyangumi ndani yake, ingawa waliomfinyanga waliishi mbali na bahari. Kwa hiyo kinyago, katika ukoo huo wa maneno, kilikuwa mnyama wa udongo aliyelazwa chini, aliyekanyagwa na kusahaulika kesho yake, kabla hakijawa gogo la mpingo juu ya meza ya mtalii.

Mabadiliko yalitokana na biashara. Tangu miaka ya 1950 wachongaji wa Kimakonde waliohamia Dar es Salaam walipata soko kubwa, na jina la kazi zao likalimeza neno. Leo ukimwambia mwanafunzi "kinyago cha udongo", macho yake huona kwanza mpingo, kisha hujitahidi kuubadilisha kuwa udongo. Neno halikosi asili, limekosa nafasi. Hatushauri lirudishwe kwa nguvu, ila katika kadi za vitu vya unyago wenyewe, ambapo ni haki yake.

Kitenzi kuchonga kilipata nguvu kwa njia nyingine zaidi. Katika Amri Kumi, kama zinavyosomwa katika Biblia ya Kiswahili, sanamu na kuchonga vimewekwa pamoja, na kwa karne nzima masikio ya Wakristo yamevisikia kama jozi. Basi hata mtu anayetazama mikono ya mfinyanzi ikibonyeza tope husema, bila kufikiri, kwamba anachonga sanamu. Na hapa ndipo kosa la lugha linapokuwa kosa la historia. Katika sehemu nyingi za nchi yetu, na za nchi jirani, ufinyanzi umekuwa kazi ya wanawake, na uchongaji wa miti kazi ya wanaume. Mfasiri anapoandika "iliyochongwa" juu ya kitu cha udongo, amemwondoa mwanamke mahali pake na kumweka mwanamume ambaye hakuwapo. Majina ya wafinyanzi wale hayakuandikwa popote. Kitenzi ndicho alama pekee iliyobaki ya mikono yao, nasi hatuna ruhusa ya kukibadilisha kwa uvivu.

Neno sanamu lenyewe lina lawama zake. Kwa Kiarabu, lilikotoka, ni jina la kitu kinachoabudiwa, na bado wapo walimu wanaolikwepa darasani. Sisi tunaona kwamba Kiswahili kimekwisha kulisafisha. Sanamu ya Askari, iliyosimama katikati ya Dar es Salaam tangu mwaka 1927, haikuabudiwa na yeyote, wala hakuna anayesita kuitaja. Neno libaki.

Ugumu wa kweli umo kati ya kuumba na kufinyanga, na mfano bora unatoka katika Kurani. Katika Sura ya Aal Imran, na tena katika Sura ya Al-Maida, Nabii Isa anafanya umbo la ndege kwa udongo, analipulizia, nalo linakuwa ndege kwa idhini ya Mungu. Kiarabu kimetumia pale kitenzi kile kile cha uumbaji wa Mungu. Mfasiri wa Kiswahili akisema kuumba, amefuata Kiarabu na ameufuata, bila kujua, mfinyanzi wa ziwani. Akisema kufinyanga, amemlinda msomaji asichanganye kazi ya mja na kazi ya Mola. Kila njia ina hoja yake. Lakini ni wazi kwamba tatizo hilo lisingekuwapo kama kuumba kusingehama kutoka kwenye udongo. Kwa matumizi ya kila siku tunashauri kuumba kubaki kulikopanda, na nomino yake umbo iendelee kutumika bila woga.

Tuje kwenye kauri. Asili ya neno hili ni gamba la konokono wa baharini, jeupe na la kung'aa. Watu wa pwani walipoletewa sahani na bakuli za Kichina, zile ambazo baadhi yake zilipachikwa katika misikiti na makaburi, kama kwenye nguzo za makaburi ya Kunduchi, walivifananisha vyombo hivyo na gamba lile. Wataliani nao, bila kuwauliza Waswahili, walifanya vivyo hivyo: jina la Kizungu la vyombo hivyo limetokana na jina la gamba hilo hilo katika lugha yao. Kwenye ziwa mambo yalikwenda kwingine. Gamba lile lilifika likiwa fedha, likaitwa simbi, na mpaka leo Waganda huita fedha ensimbi. Mtu wa ziwani anayesikia kauri hasikii gamba. Anasikia vikombe vya dukani.

Kwa hiyo kauri ina maana mahususi. Ni kitu cha udongo mweupe, kama ule wa Pugu, uliochomwa kwa moto mkali wa nyuzi zaidi ya 1200 katika tanuri lililofungwa, hata ukakaribia kuwa kioo. Mfinyanzi wa kijijini huchoma juu ya ardhi kwa kuni na majani, na moto wake kwa kawaida haufiki nyuzi 900. Kazi yake ina vinyweleo, hupitisha maji, na uzuri wake mmojawapo ni huo, kwani ndio unaoupoza mtungi. Kuiita kauri ni kumsifu kwa sifa isiyo yake.

Tupendekeze nini basi? Lugha ya vijijini ina jibu tayari, nalo halikutoka katika kamati. Kila anayejenga nyumba anatofautisha matofali mabichi na matofali ya kuchoma, na mfinyanzi huita chungu kisichopata moto chungu kibichi. Hatuoni sababu ya kutafuta maneno ya kigeni pale ambapo fundi wa matofali ameshinda hoja. Sanamu ya fisi isiyochomwa iitwe sanamu mbichi ya udongo. Iliyochomwa iitwe sanamu ya udongo wa kuchoma. Na ile ya moto mkali, yenye utando wa kioo, hiyo peke yake iitwe ya kauri. Kitenzi kiwe kufinyanga kwa zote. Kuchonga kutumike tu pale ambapo fundi amepunguza udongo uliokwisha kugangamaa kwa kisu, kazi ambayo ipo lakini ni ya sehemu ndogo ndogo, kama macho na manyoya.

Tofauti hizo zinamsaidia pia mtazamaji kuona. Mnyama wa mti aweza kuwa na miguu myembamba kama ya swala, kwa kuwa nyuzi za mti humshika. Udongo mbichi haubebi uzito wake juu ya miguu ya namna hiyo, na ndiyo sababu mnyama wa mfinyanzi huwa na miguu mifupi minene, au hulala, au huungana na kitako. Tena mnyama wa kuchoma akiwa mkubwa hana budi kuachwa wazi ndani, kwani unyevu uliofungiwa katika unene wa udongo hugeuka mvuke na kumpasua motoni. Mfinyanzi huchanganya vigae vilivyopondwa katika udongo wake kwa sababu hiyo hiyo, ili unyevu upate njia. Kwa hiyo ndani ya tembo mpya wa kuchoma mara nyingi mna mtungi wa zamani. Mwalimu anayeyajua hayo anaweza kusimama na wanafunzi mbele ya kabati na kuwauliza mnyama huyu ni mbichi au wa kuchoma, nao wakajibu kwa kutazama.

Limebaki neno la mahali pa kuchomea. Tanuri, au tanuu, limezoeleka kwa chokaa, matofali na mikate, nalo linafaa kwa moto uliofungwa. Kwa mahali pa kuchomea vyombo vya udongo kamusi za zamani zinalo joko, ambalo sasa wengi hulisoma wakidhani ni kosa la chapa la jiko. Tungependa wasomaji walioko Mwanza, Ukerewe, Geita na Bukoba watuandikie mafinyanzi wao wanapaitaje mahali hapo, na kama wanatofautisha kwa jina pale panapochomwa vyungu na pale panapochomwa vitu vingine.